Kalenda kabla ya Dawa: Nyasi Nyeusi katika Mashamba ya Ngano ya Uingereza, 1926–1993

Historia ya magugu katika mashamba ya ngano ya Uingereza husimuliwa mara nyingi kama historia ya dawa: zilikuja, zikafaulu, kisha zikashindwa. Masimulizi hayo yana ukweli, ila yanaanzia katikati. Alopecurus myosuroides, ambayo wakulima huiita nyasi nyeusi kwa rangi ya masuke yake, ilikuwamo mashambani kabla ya dawa yoyote. Linalohitaji kuelezwa ni kwa nini ilistawi zaidi wakati ule ule mkulima alipokuwa na silaha nyingi kuliko zamani.

Maisha ya mmea wenyewe yanatoa sehemu kubwa ya jibu. Mbegu zake nyingi huota kati ya Septemba na Novemba, na mbegu mpya hupukutika kabla ngano haijavunwa. Zinazofukiwa udongoni hazidumu; takriban robo tatu hufa kila mwaka. Kwa hiyo gugu hili ni dhaifu mbele ya mkulima awezaye kulinyima misimu michache ya kuzaa, na ni hatari kwa yule anayepanda ngano ya majira ya baridi mwaka hadi mwaka.

Shamba la Broadbalk, katika kituo cha Rothamsted, linalionyesha jambo hili waziwazi. J. B. Lawes na J. H. Gilbert walianza kupanda ngano humo mwaka 1843, na kwa miongo mingi magugu yalidhibitiwa kwa palizi ya mikono. Vita Kuu ya Kwanza ilipunguza vibarua, na magugu yakazidi hata jaribio lenyewe likawa mashakani. Kuanzia mwaka 1926 shamba lilipumzishwa sehemu kwa sehemu. Winifred Brenchley na Katherine Warington walihesabu mbegu zilizolala udongoni, kazi ya subira iliyoanza kuchapishwa mwaka 1930. Nyasi nyeusi ilipungua sana pale shamba lilipopumzishwa, lakini ilirudi upesi ngano iliporudishwa. Mapumziko, basi, yalikuwa badala ya mikono iliyokosekana, na yalilipiwa kwa mavuno ya mwaka mzima.

Malipo hayo ndiyo yaliyofanya dawa zipendwe. Katika Broadbalk zilianza kutumika kwa jumla mwaka 1964, isipokuwa katika sehemu moja iliyoachwa bila dawa. Nje ya kituo, mashamba mengi yaliacha malisho na mazao ya majira ya machipuko. Bei za ngano zilizolindwa baada ya Uingereza kujiunga na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya mwaka 1973 zilizidisha mwelekeo huo. Ngano ilipandwa mapema zaidi, na ardhi ikatifuliwa juujuu tu, hivyo mbegu zikabaki karibu na uso wa udongo. Mkulima alikuwa ameilinganisha kalenda yake na ya gugu. Tangu hapo, kazi yote ya kuyatenganisha mazao na nyasi iliachiwa klorotoluroni, isoproturoni na dawa nyingine chache.

Mwaka 1982 nyasi nyeusi sugu ilibainishwa Peldon, katika jimbo la Essex. Usugu huo ulitokana hasa na uwezo wa mmea kuivunjavunja dawa ndani yake, na hapo ndipo palipokuwa na hatari: uwezo wa namna hiyo unaweza kuukinga mmea hata dhidi ya dawa ambayo haujawahi kukutana nayo. Kubadilisha chupa hakukutosha. Uchomaji wa mabua, uliokuwa ukiua sehemu ya mbegu zilizo juu ya ardhi, nao ulipigwa marufuku Uingereza na Wales mwaka 1993.

Shayiri ya majira ya machipuko ilikuwa njia iliyojulikana, kwa kuwa huachia nafasi ya kuharibu miche iliyokwisha kuota. Lakini nyasi nyeusi hupendelea udongo mzito wa mfinyanzi, na udongo huo mara nyingi huwa bado umelowa mwezi Machi. Trekta huzama, kupanda huchelewa, na mavuno hupungua. Kwa mpangaji anayedaiwa kodi ya shamba kila mwaka, ngano ya majira ya baridi iliendelea kuonekana kuwa hesabu salama.