Mota Iwashwe au Izimwe

Mpiga drams wa bendi ya dansi anajulikana kwa kulalamikia mizigo. Mimi ni mmoja wao, nimelalamika Dar es Salaam yote, na nimelalamika kwa haki. Kisha rafiki yangu akaniomba nimtunzie vibrafoni yake. Fremu ya chuma, vibao vya alumini vya oktavu tatu, mabomba ya mwangwi, kanyagio, mota na mkanda wake: vyote vinapandishwa ngazi na mtu yule yule ambaye baada ya nusu saa anatakiwa apige bila mikono kutetemeka. Tangu hapo drams naziona nyepesi.

Kwa uzito huo wapigaji wa vibrafoni ni wachache popote duniani, na kwa uchache huo wanajuana. Ukifuatilia historia yao unafuata ukoo: huyu alimsikia yule, yule alipewa vigongo na fulani. Na ukoo haukosi ugomvi. Wa kwao ni juu ya mota.

Mota ndiyo iliyotangulia. Karibu na mwaka 1916, katika kiwanda cha Leedy mjini Indianapolis, Marekani, Herman Winterhoff alitaka marimba ya chuma itoe sauti inayotetemeka kama ya mwimbaji. Akaweka kifuniko kidogo cha mviringo kwenye mdomo wa kila bomba, na mota ya kuvizungusha vyote kwa pamoja. Bomba likifunguka sauti inajaa, likizibwa inafifia. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Leedy wakaanza kuiuza, na watu wa maonyesho ya majukwaani wakaifurahia. Kasoro yake ilikuwa kwamba ukigonga kibao hakinyamazi. Noti ya pili inaikuta ya kwanza bado inavuma, ya tatu inazikuta mbili. Ukipiga haraka unabaki na kelele. Mwaka 1927 Henry Schluter wa kampuni ya Deagan, Chicago, akatoa ya kwake, yenye vibao vya alumini na kanyagio. Ukikanyaga, noti zinaelea. Ukiinua mguu, zinakatika. Kwangu mimi ala ya jazi ilizaliwa kwenye kanyagio hilo. Wanaoipenda mota waniwie radhi.

Lionel Hampton alikuwa mpiga drams, na hilo siachi kulitaja. Oktoba 1930 alikuwa studio na mpiga tarumbeta Louis Armstrong, maeneo ya Los Angeles. Pembeni ilikuwepo vibrafoni; redio za siku zile ziliigonga noti chache tu, kama kengele ya kutenganisha vipindi. Armstrong akamuuliza kama anaiweza. Hampton alishajifunza zailofoni Chicago akiwa kijana, na vibao vimepangwa kwa utaratibu ule ule, basi wakarekodi "Memories of You" siku hiyo hiyo. Mwaka 1936 kiongozi wa bendi Benny Goodman alimkuta kwenye klabu Los Angeles akamchukua, wakapiga pamoja na mpiga piano Teddy Wilson na mpiga drams Gene Krupa: weusi wawili na weupe wawili jukwaa moja, katika nchi ambayo jambo hilo lilikuwa nadra kuonekana hadharani.

Hampton alipenda mota iende kasi. Milt Jackson wa Detroit, aliyevutwa na Hampton huyo huyo, aliipunguza mpaka sauti ikawa inapumua. Alikuwa ameimba nyimbo za injili, na anavyopiga unasikia mtu anayevuta pumzi kabla ya neno. Kuanzia mwaka 1952 alikuwa na Modern Jazz Quartet, wanaume wanne waliovaa suti kana kwamba wanakwenda kwenye harusi ya wakubwa. Rafiki yangu ni mfuasi wa Jackson. Mkanda wa mota yake ulipokatika, fundi cherehani wa Kariakoo alitukatia wa mpira. Unazunguka vizuri, ila kasi ni moja tu, nayo ni ya Hampton.

Katika ukoo wote nampenda zaidi Bobby Hutcherson. Alikuwa kijana wa Los Angeles anayepita njia, akasikia santuri ambayo Jackson anapiga pamoja na Miles Davis na Thelonious Monk. Akaenda kumsaidia baba yake, mwashi wa matofali, mpaka akapata fedha za vibrafoni. Onyesho la kwanza lilikuja kabla hajaijua ala yenyewe, hivyo mwenzake wa besi, Herbie Lewis, akamwandikia namba kwenye vibao kwa kalamu: gonga moja, halafu mbili, halafu tatu. Siku ilipofika, msimamizi wa jukwaa aliona vibao vimechafuka akavipangusa kwa kitambaa kibichi. Hutcherson alisimulia mwenyewe kwamba uso wa baba yake ukumbini ulisema wazi: huyu angebaki kwenye matofali. Mwaka 1964 alikuwemo kwenye "Out to Lunch" ya Eric Dolphy, na sidhani kama mzee alikuwa na hoja tena.

Aliyeizima mota kabisa ni Gary Burton. Alikulia mji mdogo wa Indiana, hakuna mpiga piano wa kumsindikiza, akajifunza kushika vigongo vinne ili ajisindikize mwenyewe. Kuanzia mwaka 1971 alifundisha chuo cha muziki cha Berklee, Boston, na mshiko wake ukaenea kwa wanafunzi. Wanawake walikuwepo pia, ingawa hutajwa mbiombio kama hivi ninavyofanya: Marjorie Hyams alipiga na Woody Herman kisha na George Shearing, na Terry Pollard alishindana jukwaani na bosi wake, Terry Gibbs, vibrafoni moja, watu wawili.

Ukoo huo ulifika Afrika pia. Roy Ayers alikuwa na miaka mitano Hampton alipompa vigongo. Mwaka 1979 alikuwa Nigeria akipiga na Fela Kuti. Lakini kwetu huku mashariki mwa Afrika jina ni Mulatu Astatke, mzaliwa wa Jimma, Ethiopia, mwaka 1943. Alipelekwa Uingereza akasome uhandisi, akaangukia muziki, akafika Berklee, na mwaka 1966 akarekodi New York akichanganya Ethiopia na midundo ya Kilatini. Aliporudi Addis Ababa alichukua ngazi za Kiethiopia za noti tano akaziweka juu ya jazi. Duke Ellington alipokwenda huko mwaka 1973, Mulatu alipanda naye jukwaani. Mimi santuri zake nilizisikia miaka mingi baada ya za Hampton, na ndizo ninazojifunzia vibrafoni, kwa sababu noti ni tano na mkono wa mpiga drams unaziweza.