Uhuru Uliofundishwa: Mabishano ya Makocha wa Kikapu katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Kwa miongo mingi makocha wa mpira wa kikapu katika vyuo vikuu vya Marekani wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza hupanga shambulizi mapema: kocha akionyesha vidole au akitaja jina la mpango, wachezaji wote watano wanajua nani atapokea mpira, nani atamzibia njia mlinzi na nani atarusha. Kambi ya pili hucheza kwa mwendo huru: wachezaji hupewa kanuni chache za kuachiana nafasi, kukimbilia kikapuni na kuzibiana walinzi, kisha kila mmoja huamua mwenyewe kwa kumsoma mlinzi aliye mbele yake. Watu wengi huyaona mabishano haya kuwa ni ya nidhamu dhidi ya uhuru. Historia ya mchezo inawapinga. Waliojenga mwendo huru walikuwa miongoni mwa makocha wakali kabisa, na uhuru waliowapa wachezaji wao ulikuwa zao la mazoezi makali.

Mmoja wa waasisi wanaotajwa sana ni Henry Iba, aliyetwaa ubingwa wa taifa mara mbili mfululizo, 1945 na 1946, akiwa na chuo cha Oklahoma A&M. Timu zake zilijulikana kwa subira: mpira ulizunguka mikononi mwa wachezaji mpaka nafasi nzuri ipatikane, na aliyerusha kwa pupa alijua atajibu. Bob Knight, aliyemheshimu Iba kama mwalimu wake, aliuendeleza mtindo huo katika chuo cha Indiana. Mwaka 1976 timu yake ilishinda michezo yote 32, na hadi 2025 hakuna bingwa mwingine wa wanaume aliyemaliza msimu bila kufungwa. Knight hakuwa mtu wa kulegeza kamba. Ukali wake uliwahi hata kuvuka mipaka. Hata hivyo ndiye aliyewaachia wachezaji maamuzi makubwa uwanjani, kwa kuwa mazoezini alikuwa amekwisha kuwafundisha kutambua kosa la mlinzi na kuliadhibu papo hapo.

Ushahidi wa wazi zaidi ni fainali ya 1987 dhidi ya Syracuse. Indiana walikuwa nyuma kwa pointi moja, 73 kwa 72, zikiwa zimebaki chini ya sekunde 30. Knight hakusimamisha mchezo ili achore mpango. Mfungaji wao mkuu, Steve Alford, alikuwa amebanwa, kwa hiyo Keith Smart akampa mpira Daryl Thomas. Thomas naye, alipoona mlinzi amemkalia vizuri, hakulazimisha. Alimrudishia Smart, ambaye alirusha kutoka pembeni na kuipa Indiana ubingwa kwa 74 kwa 73. Mpango uliomtegemea Alford peke yake ungeishia mikononi mwa walinzi wake. Kilichowaokoa ni vijana wawili kusoma hali moja kwa namna moja, na hilo halipatikani kwa bahati.

Wapo watakaojibu kwamba sekunde za mwisho ni mali ya mipango. Wana hoja. Mwaka 1998 Valparaiso waliing'oa Ole Miss, 70 kwa 69, kwa mchezo walioufanyia mazoezi tangu zamani, na Bryce Drew akafunga. Mwaka 2016 Villanova walitwaa ubingwa kwa mpango wenye jina lake, wakianza na sekunde 4.7 tu. Lakini hebu tuutazame mpango huo wa Villanova kwa makini. Ryan Arcidiacono aliuleta mpira mbele akiwa na ruhusa ya kurusha au kutoa pasi, na alimwachia Kris Jenkins kwa kuwa aliona hakuna aliyemfuata. Hata ndani ya mpango, jambo lililoamua mchezo lilikuwa jicho la mchezaji.

Hoja nzito zaidi inahusu muda. Kabla ya msimu wa 1985-86 hapakuwa na kanuni ya taifa ya ukomo wa kumiliki mpira, na subira ya Iba haikuhesabiwa na saa yoyote. Kisha zikaja sekunde 45, zikashuka hadi 35 mwaka 1993, na 30 mwaka 2015. Isitoshe, wachezaji bora siku hizi huondoka chuoni baada ya mwaka mmoja, kabla hawajazoeana. Ni kweli kwamba mazingira haya yameupunguza mwendo huru ulio kamili, na kocha anayewapangia vijana wageni hastahili kulaumiwa. Ila hilo linathibitisha kwamba uhuru uwanjani una gharama yake, nayo hulipwa kwa miezi ya mafunzo. Anayechagua mipango kwa kukosa muda huo anatumia busara. Anayeichagua kwa kuamini kwamba wachezaji hawawezi kufikiri anawanyima elimu ambayo chuo kilipaswa kuwapa.