Uhuru Ilirushwa Malindi, Sinema Tukaikosa

Wiki hii darasani tulibishana kuhusu filamu za sayansi za kubuni za miaka ya 1970. Wengi wakasema hizo ni stori za Wazungu, sisi hazituhusu. Mimi nikabisha, na leo naendelea kubisha hapa.

Desemba 1979 zilitoka Marekani filamu mbili kubwa za safari za angani. Ya kwanza ni Star Trek: The Motion Picture. Afisa wa mawasiliano wa chombo kile anaitwa Uhura, na jina hilo limetokana na neno letu, uhuru. Alianza kuonekana kwenye televisheni mwaka 1966, akiigizwa na Nichelle Nichols, mwanamke mweusi. Wakati huo sheria iliyolinda haki ya Wamarekani weusi kupiga kura ilikuwa na mwaka mmoja tu. Si mchezo!

Ya pili ni The Black Hole, ya Disney. Wasafiri wanakuta chombo kilichopotea zamani, USS Cygnus, kikielea kando ya shimo jeusi. Sasa tulieni hapo kwenye neno Cygnus.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Marekani iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kupima eksirei kutoka angani. Kwa heshima ya siku ile ikaitwa Uhuru. Pwani yetu ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na Ikweta: dunia yenyewe inaisukuma roketi kwa kuzunguka kwake, na njia ya juu ya Ikweta inakwepa mionzi inayovuruga vipimo.

Mwaka 1971 Uhuru ikaonyesha kwamba Cygnus X-1, kitu kilichoko kwenye kundi la nyota la Cygnus, kinapepesa eksirei mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Kitu kikubwa kwa umbo hakiwezi kupepesa haraka hivyo. Wataalamu wenye darubini wakaipima nyota inayozunguka nacho, wakakuta ni kidogo kwa umbo lakini kizito ajabu. Ndivyo lilivyopatikana shimo jeusi la kwanza ambalo wanasayansi walilikubali. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, alipata Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Kwa hiyo filamu mbili za mwezi mmoja, na zote zina harufu ya kwetu. Je, nani kwetu Mabwerebwere angeziona? Sinema zilikuwa mijini. Vijijini ilikuwa ni gari la serikali, jenereta na shuka jeupe, na filamu zenyewe za kilimo na afya. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, ila Bara tulisubiri hadi 1994. Isitoshe, mwaka huo wa 1979 nchi ilikuwa imetoka kwenye vita na Idi Amin, na Mwalimu alikuwa ametuomba tufunge mkanda miezi 18. Nani angetoa fedha za kigeni kununua filamu za roketi wakati sabuni yenyewe watu wanaipangia foleni?

Ndo maana wenzangu wanadhani hazituhusu. Zinatuhusu sana, ila tulikuwa tumetoa jina na bahari, wenzetu wakatoa roketi, maabara na kamera. Roketi ya mwisho iliruka San Marco mwaka 1988. Kenya ilipopata setilaiti yake ya Taifa-1, Aprili 2023, ilibidi iende kurushwa California, wakati Malindi iko palepale na Ikweta haijahama.

Kwa hiyo wale mnaosoma fizikia na uhandisi mkitucheka sisi wa historia, sawa, chekeni. Lakini roketi inayofuata kutoka Malindi ni kazi yenu, na safari hii setilaiti iwe yetu pia, siyo jina tu.