Salfa iliyofungwa: historia ya kimeng'enya cha shambani na cha mwilini

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika wilayani Rubavu. Nyundo, kilomita chache kutoka mjini Gisenyi, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mvua ya usiku huo iliua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini ya Rwanda. Waliokufa walizikwa, nyumba zikaanza kujengwa upya. Lakini kuna hasara nyingine ambayo mkulima wa mlimani huiona taratibu, msimu baada ya msimu: udongo wa juu umekwenda na maji.

Udongo huo ndio wenye uhai. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za salfa iliyomo ndani yake zimefungwa kwenye mabaki ya majani, samadi na vijidudu, na mizizi haiwezi kuinyonya ikiwa katika hali hiyo. Mmea hunyonya salfa ikiwa salfeti iliyo huru, inayoyeyuka kwenye maji. Sehemu kubwa ya ile iliyofungwa tayari ni salfeti, ila imeshikamana na kaboni, na kinachoikata iachie ni kimeng'enya kiitwacho salfatesi. Bakteria, kuvu na hata mizizi yenyewe hukitengeneza. Kadiri unavyochimba chini, kazi yake hupungua. Kwa hiyo mto unapobeba udongo wa juu, unabeba salfa na kikataji chake kwa pamoja.

Mtu wa Rubavu ana haki ya kushangaa. Salfa ikosekane vipi karibu na Nyiragongo, mlima unaotoa moshi wa salfa usiku na mchana? Kwa kawaida upepo huusukuma moshi huo magharibi, upande wa Kongo. Na hata salfeti inayoletwa na mvua, nyingine huoshwa na maji, nyingine hushikwa na udongo wa volkano. Isitoshe, kila kapu la majani linalochumwa kwenye mashamba ya chai ya Pfunda, jirani na Nyundo, huondoka na salfa ambayo haitarudi yenyewe.

Chai ndiyo iliyolifundisha eneo letu somo hili. Miaka ya mwanzo ya 1930, katika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, michai iliugua ugonjwa waliouita manjano. Majani yalipoteza rangi huku mishipa yake ikibaki kijani, machipukizi yakadumaa, matawi yakakauka, na mwisho mche mzima ukafa. Wengi wangedhani ni virusi. Aliyeitwa kusaidia, H. H. Storey, alikuwa mtaalamu wa virusi vya mimea katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika. Yeye ndiye aliyekuwa amechunguza michirizi ya mahindi, ugonjwa unaosambazwa na wadudu. Angeweza kuona virusi kila mahali. Badala yake, yeye na R. Leach wa Nyasaland waliandika mwaka 1933 kwamba michai ile ilikuwa na njaa ya salfa. Ilipopewa salfa au salfeti, ilirudi kijani. Naiheshimu sana kazi hiyo, kwa sababu mtaalamu aliuacha utaalamu wake mwenyewe na kufuata kile mmea ulichomwonyesha. Alama yake ipo hadi leo kwenye magunia ya mbolea ya chai Afrika Mashariki: NPKS 25:5:5:5, na ile tano ya mwisho ni salfa.

Storey na Leach waliona njaa, lakini hawakukipima kimeng'enya. Salfatesi yenyewe ilikuwa imeshajulikana tangu 1911, pale Mfaransa aitwaye Derrien alipoikuta kwa konokono wa bahari aina ya Murex, jamii ileile iliyowapa watu wa kale rangi ya zambarau ya kifalme. Kuipima udongoni kulingoja hadi 1970. Katika jimbo la Iowa, Marekani, Tabatabai na Bremner walichukua gramu moja ya udongo, wakaichanganya na kemikali isiyo na rangi iliyobeba salfeti, wakaiweka kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa moja. Salfatesi inapoikata salfeti, kinachobaki, kikitiwa magadi makali, hugeuka manjano. Manjano ikikolea, udongo uko hai. Kipimo hicho bado kinatumika.

Katika karne hiyohiyo madaktari walikuwa wakikifuata kimeng'enya cha ukoo uleule kwa njia nyingine, bila kujua. Mwaka 1917 Charles Hunter, daktari wa Winnipeg nchini Kanada, alieleza mjini London habari za ndugu wawili, mmoja wa miaka 10 na mwingine wa miaka 8. Walikuwa wafupi, wenye vichwa vikubwa, viungo vilivyokakamaa, ini na wengu vilivyovimba. Chanzo kilifichika kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1968, huko Bethesda, Elizabeth Neufeld na wenzake waliziotesha seli za mgonjwa wa ugonjwa huo, unaoitwa kwa jina la Hunter, pamoja na za mgonjwa wa ugonjwa unaofanana nao, wa Hurler. Seli hizo ziliponyana: kila upande ulitoa kilichokosekana upande wa pili. Kufikia 1973 kilichokosekana kwa wagonjwa wa Hunter kilitambuliwa kuwa ni salfatesi. Bila hiyo, minyororo ya sukari yenye salfeti haivunjwi, inarundikana ndani ya seli, na mtoto anadhoofika mwaka hadi mwaka.

Ugonjwa huu si wa Wazungu peke yao. Mwaka 2007 daktari Léon Mutesa wa Rwanda, na wenzake wakiwemo wa Ubelgiji, walichapisha habari za ndugu wawili Waafrika wenye Hunter kali. Katika jeni yao, mahali pa 54, palikuwa na alama ya kusimama badala ya maelekezo ya kuendelea, na kimeng'enya kilikatika kabla hakijakamilika. Kosa hilo mahususi lilikuwa halijawahi kuripotiwa popote.

Dawa ipo. Tangu 2006 salfatesi iliyotengenezwa kiwandani hudungwa mshipani kila wiki, ingawa haivuki kufika kwenye ubongo, na kwa wenye Hunter kali ubongo nao huharibika. Kwa ugonjwa mwingine wa salfatesi, unaoharibu utando wa neva, Ulaya iliidhinisha tiba ya jeni mwaka 2020 na Marekani mwaka 2024, ambako bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 4.25. Tiba hiyo hufaa kabla dalili hazijakomaa, na dalili zikishaonekana wazi huwa wakati umepita. Kwa hiyo katika familia nyingi mtoto anayeokolewa ni yule mdogo, aliyepimwa mapema kwa sababu kaka au dada yake alikwisha kuugua.