Gumegume

Siku hizi ukisikia neno gumegume, aghalabu ni mume asiyefaa anayesemwa. Ni hasara kwa lugha. Gumegume ni jiwe gumu linalotoa cheche likigonga chuma, na ndilo lililoipa jina bunduki iliyowashwa kwa jiwe hilo.

Tazama gumegume za Wacherkesi, watu wa kaskazini-magharibi mwa Kaukazi. Kitako ni chembamba, mtutu umeshikwa na pete, mara nyingi za fedha yenye nakshi nyeusi. Bastola zao nyingi huishia kwa tufe la pembe au la mfupa. Kifyatulio hakina kikingio. Ni kitufe cha mviringo, kama gololi. Kinachonivutia zaidi ni mtambo wake. Kamani kubwa iko nje, inaonekana kwa macho. Ukifyatua, jiwe linapiga bamba la chuma ambalo ndilo hilohilo kifuniko cha kifa: pigo moja linatoa cheche na kufunua baruti ya kuwashia. Baruti ya kushindilia mtutuni ilipimwa mapema, ikatiwa katika vibomba vilivyopangwa kifuani mwa kanzu. Vibomba hivyo vimebaki kuwa pambo la vazi la Kaukazi hadi leo.

Mtutu, kitako, kifa, kamani, mdeki wa kushindilia: Kiswahili kina msamiati wote huu. Ndugu watafsiri wa historia, msiandike tu “bunduki ya kizamani”. Andikeni gumegume.