Kazi Ndogo za Kihamba: Habari za Shamba la Nyumbani Kilimanjaro

Watu wengi wakitaka kujua habari za kale hutafuta habari za vita na za watawala. Hizo nazo zafaa kusomwa. Lakini ziko habari nyingine ambazo hazikuandikwa sana katika vitabu, maana ziliandikwa kwa jembe katika udongo. Leo tumeona vema kuwaletea wasomaji wetu habari za kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga katika mlima wa Kilimanjaro, pamoja na kazi ndogo ndogo zilizokifanya kiwe kama kilivyo. Kazi hizo hata sasa hufanywa zaidi siku ya Jumamosi, watoto wasipokwenda shule, na wenye kazi mjini wanapopanda mlimani kwa wazee wao.

Mgeni apitaye njiani kwa mara ya kwanza hudhani kihamba ni msitu. Juu husimama miti mirefu kama mringaringa. Chini yake migomba. Chini ya migomba mibuni. Na chini kabisa magimbi na maharage. Viazi vikuu navyo hupanda mitini. Katikati ni nyumba, na karibu yake ni zizi la ng'ombe na mbuzi wanaolishwa papo hapo. Mpakani hupandwa masale. Jani la sale lina heshima kubwa kwa Wachaga: mtu aliyemkosea mwenziwe akimpelekea jani hilo, ni vigumu mwenziwe kukataa kumsamehe. Hivyo mmea ule ule uwatengao majirani ndio uwapatanishao.

Kazi ya kwanza ya kukumbukwa ni ya maji. Johannes Rebmann aliuona mlima huu mwaka 1848, na Wazungu waliomfuata katika karne ile walikuta mifongo imekwisha kuchimbwa zamani. Mfongo ni mfereji uletao maji ya mto mpaka vihambani. Watu wa kale, pasipo chombo cha kupimia ila macho yao na maji yenyewe, walichagua mahali pa banio juu sana, wakaziba mto kwa mawe, matawi na udongo, kisha wakayapitisha maji ubavuni mwa mlima, mteremko ukiwa mdogo hivi kwamba maji hayakukimbia wala hayakusimama. Mahali pengine walichimba na nduwa, ndilo bwawa la kutunzia maji ya usiku ili yatumike mchana.

Lakini kuchimba mfongo ilikuwa nusu ya kazi tu. Mvua kubwa ikinyesha banio huvunjika. Fuko na kaa hutoboa kingo. Majani huziba njia. Kwa hiyo palikuwa na desturi: baragumu ikilia, wanaume wote watumiao mfongo ule walitoka kuusafisha, na asiyetoka bila sababu alitozwa. Mwenye zamu ya maji alijua saa yake, na aliyeiba zamu ya mwenziwe aliitwa mbele ya wazee. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfongo ukiachwa misimu miwili bila kusafishwa, kuufufua ni kama kuuchimba upya.

Kazi ya pili ni ya mboji. Wanawake walishuka mpaka nchi za chini kukata majani, wakayapandisha mlimani kichwani, mwendo mrefu wa kuchosha. Ng'ombe walikula majani, wakatoa samadi. Samadi ikamwagwa penye shina la mgomba. Mgomba ulipokatwa mkungu wake, gogo lake likakatwakatwa likawa chakula cha ng'ombe tena. Hivyo kitu hakikupotea. Twafikiri sifa ya kihamba, ambayo kwa kawaida hupewa mababu waliofyeka msitu, yawapasa sawasawa akina mama waliobeba mizigo ile. Maana udongo uliolimwa vizazi vingi bila kuchoka ulilishwa kwa migongo na vichwa vyao.

Kazi ya tatu ni kuitunza migomba yenyewe. Mkulima mwangalifu hakiachi kichaka cha mgomba kizae ovyo. Huacha mashina matatu: mama mwenye mkungu, mwana afuataye, na mjukuu anayechipuka. Mengine huyang'oa. Hukata majani makavu, huegemeza nguzo penye mkungu mzito, na kuyatandaza majani chini ili udongo usikauke. Hizi ni kazi ambazo mtoto wa miaka kumi aweza kujifunza kwa kumfuata babu yake asubuhi moja.

Zamani kazi hizo zilifuata mvua na siku za masoko. Juma la siku saba pamoja na pumziko la Jumapili lilienea mlimani kwa misioni na shule. Wamisionari wa kwanza walikaa Moshi kwa Mangi Rindi mwaka 1885. Misioni ya Kilema ilianzishwa mwaka 1891, na ya Machame mwaka 1893. Ndipo Jumamosi ilipopata kazi yake maalumu: kukata majani ya siku mbili, kupasua kuni, kufagia ua, kufua nguo, maana ng'ombe hajui Jumapili. Tena yafaa kukumbuka kwamba katika hesabu ya Kiswahili Jumamosi si mwisho wa juma. Jina lake lasema wazi kuwa ni siku ya mosi, na Jumapili ni ya pili. Basi mtu aendaye shambani Jumamosi aanza juma lake kwa jembe.

Kisha ikaja kahawa. Mibuni ilipandwa misioni ya Kilema mwaka 1898. Baada ya vita kuu ya kwanza, Bwana Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa Moshi, aliwahimiza wenyeji waipande vihambani mwao. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, wapate kupiga vita wadudu wa mibuni na kuuza mazao pamoja. Na mwaka 1933 mahali pake pakawa na KNCU. Kahawa iliongeza kazi ya nyumbani: kuchuma matunda mekundu peke yake, kuyamenya kwa mashine ya mkono siku ile ile, kuyavundika, kuyaosha kwa maji ya mfongo, kuyaanika na kuyachagua. Watoto wengi walizungusha mashine ile, na fedha ya kahawa ndiyo iliyowalipia karo.

Lakini neema hiyo ilileta na shida. Kwa desturi mwana wa kwanza alipewa kihamba, na kitindamimba alirithi nyumba ya baba. Wa katikati walimwomba mangi ardhi mpya. Ardhi mpya ilipokwisha, vihamba vilianza kugawanywa, kisha vikagawanywa tena. Bei ya kahawa iliposhuka, wengine waling'oa mibuni. Vijana walihamia mijini, na mifongo mingine ilikauka kwa kukosa mikono. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikihesabu kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa kutunzwa kwa ajili ya ulimwengu. Ni heshima kubwa, lakini heshima haizibi banio lililovunjika.

Twaona kwamba kihamba hakipotei kwa siku moja, kama vile hakikufanywa kwa siku moja. Hupotea Jumamosi moja moja: leo hakuna wa kusafisha mfongo, kesho hakuna wa kumwaga samadi, mwaka ujao hakuna ajuaye mpaka ulipo. Kwa hiyo twawashauri wasomaji mambo mawili. Kwanza, wana walioko mijini wakija nyumbani wasikae uani kama wageni, bali washike jembe pamoja na wazee. Maana achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Pili, kila nyumba iwe na daftari. Ndani yake iandikwe nani alichimba mfongo, zamu za maji ni zipi, masale ya mpakani yalipandwa na nani, na kazi gani imefanywa juma hili. Wazee wangali wakiyajua hayo kwa moyo. Mtoto ajuaye kuandika aketi nao Jumamosi jioni, kazi ikiisha, ayaandike wakiwapo.