Kicheko Mbele ya Televisheni: Kanda za Mafunzo na Kanda za Nyumbani Katika Historia Yetu

1. Utangulizi

Jioni moja mjini Butembo tuliitwa nyumbani kwa rafiki kutazama kaseti za video zilizokuwa zimebaki katika sanduku la marehemu baba yake. Mashine ya video ilikuwa ya kuazima, umeme ulikuwa wa jenereta, nasi tulikuwa watu tisa. Kaseti ya kwanza ilikuwa ya mafunzo ya ufugaji wa kuku, nayo ilisemwa kwa Kiswahili cha pwani. Mwalimu aliyevaa suti na viatu vinavyong'aa aliingia bandani, akamshika kuku kama mtu ashikaye kitabu, akatangaza kwa sauti ya mahubiri: "Ewe mfugaji, je, wajua kwamba kuku naye huhitaji maji?" Mmoja wetu alimjibu palepale: "Hapana, mwalimu, sisi twampa bia." Tukacheka hata sauti ya mwalimu ikapotea.

Mtu angeweza kusema kwamba kicheko hicho ni cha kupitisha wakati tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha vinginevyo. Hoja yetu ni kwamba kicheko cha marafiki mbele ya filamu ya mafunzo ni hukumu: kinaonyesha mahali hasa ambapo mwenye kufundisha amemkosea mwenye kufundishwa. Kicheko hicho kina historia ndefu kuliko kaseti zenyewe, na katika Beni na Butembo tumeona kwamba asiyekisikiliza huweza kulipa gharama kubwa.

2. Filamu iliyokuja kufundisha

Kaseti ya VHS ilianza kuuzwa Japani mwaka 1976, lakini desturi ya kumfundisha Mwafrika kwa picha zinazotembea ilitangulia kwa miaka mingi. Kwa upande wa Afrika Mashariki, jaribio lililo maarufu zaidi lilifanyika Vugiri, katika milima ya Usambara nchini Tanganyika, kati ya 1935 na 1937. Jaribio hilo liliendeshwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni kwa fedha zilizotoka hasa kwa taasisi ya Carnegie ya New York, na wasimamizi wake walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu fupi 35, wakazizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Maneno hayakuwa ndani ya filamu yenyewe. Yalirekodiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo.

Filamu mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta. Watu wawili wanapata mshahara. Mmoja anafukia fedha zake ardhini, naye mwizi anazichukua. Mwenziwe anaziweka posta, nazo zinabaki salama. Mpango huo wa watu wawili, mwenye akili na mjinga, ukawa kama kanuni ya filamu za namna hiyo. Idara ya filamu ya makoloni ya Uingereza, iliyoanzishwa 1939 na kufungwa 1955, iliutumia hata katika jina la filamu: mwaka 1944 ilitoa filamu juu ya magonjwa ya zinaa iliyohusu Bwana Mwerevu na Bwana Mjinga waliokwenda mjini. Aliyeiongoza idara hiyo, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu isipokuwa iende polepole, isiwe na hila za kamera, na picha moja idumu kwa muda mrefu.

Huku Kongo mambo hayakuwa mbali na hayo. Amri ya mwaka 1945 ya serikali ya Ubelgiji ilikataza Waafrika kuonyeshwa filamu ambayo haikuidhinishwa na udhibiti. Mwanya ulioachwa na katazo hilo ulijazwa zaidi na wamisionari. Padri Alexandre Van den Heuvel alitengeneza katuni za swala mdogo aitwaye Mboloko. Katika Kasai, Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza katika miaka ya 1950 filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba. Waigizaji walikuwa wenyeji, na kila kisa kilikuwa na funzo lake. Mwaka 1996 Tristan Bourlard alitoa filamu ya kumbukumbu juu ya kazi hizo, nayo inawaonyesha watu wazima wakizitazama tena na kuzicheka.

3. Mjinga ni nani?

Katika maandishi ya waliotengeneza filamu hizo kuna kisa kilichorudiwa mara nyingi. Wanakijiji walionyeshwa filamu juu ya malaria, ambamo mbu amekuzwa hata akajaza kitambaa chote. Walipoulizwa wamejifunza nini, walijibu kwamba kwao hakuna shida, kwa sababu mbu wa kwao ni wadogo. Kisa hicho kilitumiwa kama ushahidi kwamba Mwafrika haelewi picha.

Lakini msomaji aliyelelewa katika jamii zetu hana budi kukisoma vingine. Jibu la namna hiyo lina umbo kamili la utani. Mtani hatoi hoja ya kupinga. Hulikubali neno la mwenziwe, akalipeleka mbele mpaka likajicheka lenyewe. Aliyesema kwamba mbu wa kwao ni wadogo yaelekea alikuwa akiwachekesha jirani zake, huku mgeni akiandika katika daftari. "Twampa bia" ya rafiki yetu wa Butembo ni jibu la ukoo huohuo.

Isitoshe, Bwana Mjinga alipelekwa kwa watu waliokuwa na mapokeo mengine juu ya mjinga. Katika hadithi za Waswahili, Abunuwasi huonekana kama mpumbavu, kumbe ndiye anayemshinda sultani. Sungura ni mdogo na dhaifu, lakini ndiye anayesifiwa. Mtazamaji aliyezoea hadithi hizo humpenda mhusika anayeanguka na kuinuka, wala hamjali sana yule asiyekosea kitu. Ndiyo maana katika filamu za mafunzo mwerevu husahaulika, na mjinga akabaki katika mazungumzo kwa miaka. Wahenga walikwisha sema: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Filamu iliyogawa akili kwa watu wawili, mmoja akapewa zote na mwingine akanyimwa, ilikuwa imeanza na kosa ambalo mtazamaji aliliona mara moja.

Baadaye video ilipoenea mitaani, watazamaji walijitwalia wenyewe kazi ya kusema. Mjini Kampala VJ Jingo, na mjini Dar es Salaam Lufufu, walipata umaarufu kwa kutafsiri filamu za kigeni na kuongeza utani wa mitaa ya kwao. Mtafsiri wa namna hiyo hakubali kwamba sauti ya filamu ndiyo ya mwisho. Kazi hiyo ndiyo wanayoifanya marafiki tisa mbele ya mwalimu wa kuku, ila wao hawalipwi.

4. Lugha inayochekesha

Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo la kuzingatia zaidi ni mahali ambapo kicheko hutokea. Jioni ile tulijaribu kuhesabu. Mara chache tulicheka kwa sababu ya picha peke yake. Mara nyingi tulicheka kwa sababu ya maneno. Tuligundua mambo matatu.

Kwanza ni namna ya kuita. Hapa kwetu mtu mzima huitwa baba, mama, mzee, kaka au dada, hata na mtu asiyemjua. Mwalimu wa kaseti aliita "Ewe mfugaji", kana kwamba msikilizaji hana ukoo wala umri, ila kazi tu.

Pili ni swali la uongo. "Je, wajua kwamba…?" ni swali ambalo mwulizaji analo jibu lake, na ambalo mwulizwaji pia analo. Katika mazungumzo ya watu walio sawa, swali hilo halina nafasi. Huulizwa mtoto, au huulizwa mtu anayedhaniwa kuwa mtoto.

Tatu ni aina ya Kiswahili chenyewe. Kiswahili cha Kivu kina sarufi yake. Pale ambapo Kiswahili sanifu husema "mtu aliyekuja", mzungumzaji wa Butembo atasema "mutu mwenye alikuya". Maji ni "mayi", na watu ni "batu". Isitoshe, kwa wengi Kiswahili hicho chenyewe ni lugha ya pili baada ya Kinande. Kiswahili sanifu kinaheshimiwa, nasi tunaoandika katika kurasa hizi tunakipenda. Lakini kinapotoka katika kaseti kikaamuru mambo ya banda na jiko, husikika kama mgeni aliyeingia jikoni bila kubisha hodi.

Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba tulimcheka mwalimu kwa kuwa hakujua kuku. Mafunzo yake juu ya chanjo na usafi wa banda yalikuwa sahihi, na mmoja wetu ambaye hufuga kuku alikiri kwamba alipata faida. Tulichokicheka ni mtu ambaye mwalimu alimwona mbele yake alipokuwa akisema. Mtu huyo hakuwa sisi.

5. Kicheko kisiposikilizwa

Msomaji anaweza kuuliza kama jambo hili lina uzito wowote nje ya sebule. Historia ya karibuni ya miji yetu inajibu. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imezuka Mangina, karibu na Beni. Mpaka ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Mafunzo yalitolewa kwa redio, mabango, mikutano na video. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa Septemba 2018 kwa watu wazima 961 wa Beni na Butembo ulionyesha kwamba karibu robo yao hawakuamini kwamba Ebola ipo, na chini ya theluthi moja waliwaamini viongozi wa mahali. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kamerun, aliuawa akiwa kazini Butembo.

Ingekuwa makosa kudai kwamba lugha ndiyo iliyosababisha mambo hayo. Watu wa Beni walikuwa wakiuawa vijijini tangu Oktoba 2014 bila kuona msaada wa kiasi kile, na Desemba 2018 uchaguzi wao uliahirishwa kwa sababu ya ugonjwa huohuo waliokuwa wakiutilia shaka. Lakini lugha ilikuwa na sehemu yake. Mwaka 2019 wachunguzi wa shirika la Translators without Borders walionyesha kwamba ujumbe wa Kifaransa na wa Kiswahili sanifu haukuwafikia wengi ipasavyo, na kwamba watu walitaka maelezo kamili kwa lugha wanayoisema.

Wakati ule utani juu ya Ebola ulizunguka kila mahali: katika pikipiki za abiria, sokoni, hata katika vyumba vya mihadhara. Mara nyingi uliitwa ujinga. Mtu ambaye angeuandika na kuuchambua angegundua mapema ni sentensi zipi hazikuaminiwa, na kwa nini. Kosa la wale walioandika kisa cha mbu lilirudiwa baada ya zaidi ya nusu karne: kicheko kilisikiwa, lakini hakikusomwa.

6. Kaseti ya pili

Baada ya mwalimu wa kuku, tuliweka kaseti ya arusi. Mpiga picha hakuwa fundi. Kidole chake kilifunika nusu ya padri. Kamera ilisahauliwa mezani ikarekodi chupa za soda kwa dakika kadhaa. Na tarehe iliyoandikwa pembeni haikuwa tarehe ya arusi. Tulicheka tena, safari hii tukijicheka wenyewe: suruali pana, nywele, jinsi wajomba walivyotembea kwa madaha walipojua wanatazamwa.

Kisha mwenye nyumba akasema polepole, "Yule ni shangazi." Alikuwa mwanamke aliyebeba sinia, akicheka na kumtania bwana arusi kwa Kinande. Aliuawa shambani, upande wa Beni, katika mauaji niliyoyataja. Familia haikuwa na picha yake nyingine iliyo na sauti. Tuliirudisha kaseti nyuma mara tatu, na hakuna aliyecheka. Mara ya nne tulisikia vizuri utani aliousema, nasi tukacheka pamoja naye.

7. Hitimisho

Kanda hizi hazitadumu. Unyevu wa milima yetu huota ukungu juu ya ukanda, na Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha kazi hiyo. Zikipotea, tutapoteza ushahidi wa namna mbili: jinsi tulivyosemeshwa, na jinsi tulivyosema wenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Idara zetu za lugha zikusanye kanda hizo na kuzinakili kwa njia ya kisasa, za mafunzo na za nyumbani bila kubagua, kwa idhini ya wenyewe. Pili, zinapotazamwa, mwanafunzi mmoja akae pembeni na daftari, aandike watazamaji wanasema nini na wanacheka wapi. Daftari la namna hiyo lilikosekana Vugiri mwaka 1935, likakosekana Beni mwaka 2018. Kazi ya kuliandika ni yetu, kwa kuwa sisi tunaujua utani huo tangu utoto, nasi tumo miongoni mwa wanaocheka.